Barua kutoka Ughaibuni: Spea Ina Namba Yake

Wasomaji wangu wapenzi wa Tanga na wa kwingineko,

Naiandika barua hii nikiwa na ghadhabu, na ghadhabu yenyewe imeletwa na habari ambayo aliyeniletea aliidhani kuwa ni bishara njema. Mpwa wangu, kijana mwenye adabu na bidii ambaye nia yake siitilii shaka, amenijulisha kwamba ile Datsun 1600 ya marehemu baba yangu, iliyokuwa imeegeshwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba tangu mzee alipotangulia mbele ya haki, wamekwisha kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwamba ilipandishwa mizani ikapimwa kwa kilo, injini, gia na vyote vilivyomo. Na kwamba uwanja sasa umekuwa mweupe. “Ilikuwa inakula nafasi bure tu, Mjomba,” akaniambia, akitaraji nimpongeze. Sikumpongeza.

Ili mjue kwa nini habari hiyo ilinichoma namna ile, yafaa niwaeleze kazi inayonishughulisha huku California kila mwisho wa juma. Ninayo Datsun 240Z ya mwaka 1972, gari la spoti la watu wawili, lenye boneti ndefu na mgongo ulioinama, ambalo nililinunua likiwa limechoka, nami naliamsha kidogo kidogo kwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa ni gari gani, kwa kuwa walisimama kando ya barabara siku za Pasaka, watoto wenye vumbi mpaka kwenye kope, wakiisikia sauti ya silinda sita kabla ya kuliona gari lenyewe. Vijana nawaambia: Safari ya Afrika Mashariki, mashindano ya magari ambayo miaka ile yalikuwa yakipita katika nchi zetu tatu, ilitwaliwa mwaka 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiwa na 240Z, na nyuma yao akaingia Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, katika 240Z nyingine, na mwaka 1973 Mehta mwenyewe, pamoja na Lofty Drews, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1970, Herrmann alikwisha kushinda kwa Datsun 1600 SSS, ambayo ni ndugu wa tumbo moja wa hiyo iliyopimwa kwa kilo nyumbani kwetu.

Na undugu huo si maneno ya kupamba. Injini ya 1600, ambayo Nissan waliipa jina la L16, ina silinda nne, kila moja yenye upana wa milimita 83, na pistoni yake husafiri milimita 73.7. Injini ya 240Z, iitwayo L24, ina silinda sita. Upana wa kila moja ni milimita 83, na pistoni yake husafiri milimita 73.7. Pigeni hesabu wenyewe: chukueni sentimita za ujazo 1,595, ongezeni nusu yake, mtafika kwenye 2,393 za injini yangu kasoro chembe. Wahandisi walikuwa na ubunifu mmoja, wakaurefusha kwa silinda mbili, na kwa sababu hiyo vitu kadhaa vya ndani, roka zikiwa mojawapo, huazimana baina ya injini hizi mbili. Basi vile nilivyokuwa nikivitafuta huku kwa tochi vilikuwa vimelala chini ya mwembe wa baba, na vimekwenda kuyeyushwa pamoja na sufuria zilizotoboka.

Sasa sikilizeni jinsi spea inavyotafutwa huku. Mtu hatoki nyumbani na chuma kilichovunjika mkononi, akapita duka kwa duka akikiinua juu ili kila mwenye duka akikodolee macho. Hutoka na namba. Kila kilichomo ndani ya Datsun, hata klipu ndogo inayoshika waya, kilipewa namba na kiwanda, na namba hizo zimechapwa katika vitabu vyenye michoro ambamo gari limetawanywa kipande kwa kipande, kila kipande kikiwa kando ya mwenzake anayeungana naye. Namba ya Nissan ina sehemu mbili za alama tano tano: sehemu ya kwanza husema ni kitu gani, ya pili husema ni cha gari gani. Ukiona 15208 jua ni chujio la oili. Ukiona 16546 ni chujio la hewa. 22401 ni plagi. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa zama za Datsun, na ndivyo ilivyo hata leo kwa hizo Nissan zinazosongamana Barabara ya Bagamoyo. Sehemu ya pili ikianza kwa E41, aghalabu kitu hicho kilikusudiwa 240Z. Na ikiwa kiwanda kimekibadili kitu, namba ya zamani haitupwi, bali huandikwa kwamba imerithiwa na namba fulani, ili mtu atakayekuja baada ya nusu karne asipotee njia.

Gari lenyewe nalo lina hati zake mwilini. Kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinataja mwezi na mwaka lilipotengenezwa, na kibati kingine chini ya boneti kina namba ya chesi na ya injini. Hayo si mapambo. 240Z za mwanzo zilikuwa na matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma, na za baadaye matundu yakahamishiwa kwenye nguzo za ubavuni. Kabureta za miaka ya mwanzo, zenye vichwa vya mviringo, si sawa kabisa na zile bapa za mwaka 1973, ambazo ziliwatesa wenye magari kwa kuchemsha petroli siku za joto, hata wengi wakazing'oa na kurudia zile za awali. Kwa hiyo muuza spea akikuuliza gari lako ni la mwezi gani, hakusumbui, anakuepusha na hasara.

Na sasa nije kwenu, jamaa zangu. Ni nadra mwezi kupita bila mmoja wenu kuniandikia, “Ndugu yetu, tufanyie hisani ututumie kabureta ya Toyota.” Nikiuliza ni Toyota gani, naambiwa ni ile nyeupe. Nikiuliza nyeupe ipi, naambiwa ile ya shemeji, mbona unaijua! Nawapenda kwa imani hiyo, kwamba ndugu yenu, akiwa upande wa pili wa dunia, bado anaiona Toyota ya shemeji mbele ya macho yake. Walakini kiwanda cha Toyota hakimjui shemeji. Kinajua namba ya chesi, na namba hiyo ipo, imepigwa mhuri kwenye chuma na imeandikwa kwenye kadi ya gari iliyomo kabatini mwa shemeji, nanyi hamwendi kuisoma. Mnakwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, na wenzetu wa Nairobi wanakwenda Barabara ya Kirinyaga, mnakiinua kitu juu, na kijana wa dukani, baada ya kukigeuza mara mbili, anasema, “Hii inaingia.” Yaingia kweli, kwa nyundo. Na baada ya mwezi mnarudi kununua nyingine, na mnalaani gari.

Huku ninakoishi, hata magari yaliyokufa yana daftari. Pembezoni mwa Los Angeles kuna viwanja vya eka kadhaa ambamo magari yaliyokwisha kazi yamepangwa safu kwa safu, yameinuliwa juu ya rimu zilizochomelewa pamoja, Toyota na Nissan upande wao, ya Kimarekani upande wao. Unalipa kiingilio cha dola chache, unaingia na spana zako, unakifungua kitu kwa mkono wako mwenyewe juani, na mlangoni unalipa bei iliyobandikwa ukutani: alteneta bei hii, mlango bei hii, bila kupatana na bila kutoa chai. Kabla hujaondoka nyumbani umekwisha kujua ni gari gani limeingia na liko safu ya ngapi. Fauka ya hayo, miji ya Pomona na Long Beach ina magulio ya magari na spea siku za Jumapili, ambako wauzaji hutandaza bidhaa zao kukiwa bado giza, na wanunuzi makini hufika na kurunzi.

Lakini 240Z yenyewe haionekani tena katika viwanja hivyo. Gari lililouzwa mwaka 1970 kwa dola 3,526, ili kijana wa kazi ya kawaida aweze kulimudu, limegeuka kuwa kitu cha mnada: mwezi wa Januari 2020 moja ya mwaka 1971, iliyotunzwa kwa uangalifu usio na mfano, iliuzwa kwa dola 310,000. Basi mwenye mfuko kama wangu hana ikhtiari ila kutafuta kwenye magari mengine vitu vitakavyofaa, na hapo ndipo nilipoiona faida ya kuandika kwa macho yangu mwenyewe.

Nitatoa mifano, kwa kuwa ndiyo kiini cha barua yangu. 240Z ilitoka kiwandani na distribyuta ya platini, ambazo huliwa na kuhitaji kurekebishwa kila mara. Lakini distribyuta ya elektroniki ya 280ZX ya miaka 1979 hadi 1983, gari lililokuja baadaye katika ukoo huo huo, huingia mahali pale pale, na injini ikawaka asubuhi bila kubembelezwa. Breki za mbele za 240Z ni za diski, nzuri kwa zama zake, ila zina nguvu ndogo kwa barabara kuu za leo. Na, sikilizeni vyema, kalipa za pikapu ya Toyota inayoendeshwa na magurudumu yote manne ya miaka 1979 hadi 1985, yaani hiyo Hilux mnayoijua kwa mizigo ya ndizi na mkaa, hufungwa kwenye nguzo za mbele za 240Z kwa boliti bila kuchomelea chochote, isipokuwa kile kibati cha kuzuia vumbi nyuma ya diski ndicho hukatwa au kuondolewa. Na mipira ya milango, ambayo ndiyo taabu ya kila mwenye gari hili, kwa sababu mipira mipya inayotengenezwa na watu wa nje ya kiwanda ni minene hata mlango haufungi mpaka uubamize kwa bega, watu waligundua kwamba mpira wa mlango wa Kia Sportage ya miaka ya 1990 hukaa vizuri zaidi. Nani angedhani? Hakuna aliyedhani. Mtu mmoja alipima, akajaribu, akaandika mwaka wa gari alilong'oa kitu hicho na kila alichopaswa kukata ili kiingie, na mwingine akalijaribu andiko lake akalisahihisha, na leo mimi mgeni, mwana wa Tanga, nafaidika na jasho la watu nisiowajua.

Msidhani kwamba mafundi wa huku wana mikono kuliko wa kwetu. Hawana. Fundi wa gereji hapa hulipisha kwa saa, na bei ya saa yake ni kubwa kiasi ambacho kutengeneza kitu kikuukuu humpotezea wakati; atakuambia ununue kipya, na kipya kikikosekana atainua mabega. Fundi wa kwetu hakati tamaa. Namkumbuka ustadhi mmoja wa Ngamiani aliyekuwa akiitunza ile Datsun ya baba: alichonga gasketi kwa karatasi ngumu na mkasi, alikata bushi kutoka kwenye mpira wa tairi la lori, na valvu alizirekebisha kwa sikio, injini ikiunguruma, jicho amelifumba. Kitabu cha injini za L husema valvu za kuingiza zipewe nafasi ya milimita 0.20 na za kutoa 0.25 injini ikiwa baridi. Yule mzee hakukiona kitabu hicho maishani mwake, na injini ya baba haikuwahi kugonga. Alifariki bila kuandika hata mstari mmoja. Alikuwa na wanagenzi, naam, lakini kila mmoja aliondoka na kile alichobahatika kukiona siku aliyokuwa zamu, na yaliyobaki yamezikwa pamoja naye. Hili ndilo linaloniuma kuliko vyuma vilivyopimwa: tuna elimu ambayo Wamarekani wangeilipia kwa saa, nasi twaiacha iende kaburini kwa sababu daftari la kurasa 96 twaliona ni la watoto wa shule.

Kwa yeyote mwenye gari la zamani, awe na Datsun, Peugeot 504 au Land Rover ya babu, na anatamani kulirudishia uhai, haya ndiyo ninayomuusia. Kwanza usitazame rangi. Lala chini utazame kutu. Huku magari ya majimbo ya kaskazini huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, na kwetu pwani hewa ya bahari hufanya kazi hiyo bila malipo. Katika 240Z mimi hugonga sakafu, reli za chini, mahali panapokaa betri na kona za nyuma ya milango, na nikiwa na sumaku najua palipojazwa puti badala ya bati. Injini mbovu hutengenezeka, lakini bodi iliyooza itakumaliza wewe kabla hujaimaliza. Baada ya hapo anza na vinavyookoa roho: breki zote, na mipira yake ya ndani na mabomba yake, tairi, na mabomba ya petroli, kwa maana petroli ya siku hizi, huku walau, huchanganywa na ethanoli kiasi cha asilimia 10, nayo huula mpira wa zamani mpaka ukavuja juu ya injini ya moto. Mpira wa mlango wa nyuma wa 240Z usiudharau kamwe. Ukichakaa, moshi wa ekzosi huvutwa kuingia ndani ya gari, na dereva huumwa kichwa akidhani ni jua. Taa za mbele za gari hili hupitisha umeme wake wote kwenye swichi ya usukani na kwenye sanduku la fyuzi mpaka plastiki ikayeyuka. Weka rilei, ni kazi ya mchana mmoja. Kila boliti unayoifungua itie kwenye mfuko wenye maandishi, na ukipige picha kitu kabla hujakigusa. Kilichoharibika usikitupe mpaka kipya kimefungwa na gari limetembea. Ukinunua spea kwenye boksi lenye jina la kiwanda, soma namba, tazama chapa kama herufi zimenyooka, linganisha uzito na ile uliyoitoa, na bei ikiwa rahisi kupita kiasi katika pedi za breki, rudisha mara moja, kwa kuwa roho ya mwanao haina punguzo. Kisha andika: tarehe, kilomita, kitu gani, namba yake, nani alifunga.

Hilo la mwisho nalirudia kwa sababu najua ndilo mtakaloliruka. Mwenye gari wa kwetu akiuza, hufuta habari zote ili mnunuzi asijue lilikotoka. Huku, gari lenye bahasha nene ya risiti, tangu siku liliponunuliwa, huuzwa ghali kuliko jingine linalong'aa lisilo na karatasi. Kilomita zinazorudishwa nyuma kwa bisibisi, jambo ambalo wengine wenu mnalisimulia barazani kama ujanja, ni wizi, na anayeibiwa ni jirani yenu. Nalisema hili kwa upendo, lakini nalisema.

Nami nina ombi. Gari lililoshinda Safari ya mwaka 1971 limehifadhiwa Japani, katika hazina ya magari ya Nissan iliyoko Zama, wakalitengeneza upya wafanyakazi wa kampuni hiyo wenyewe, na Mjapani atakayetaka kujua lilikuwa na boliti gani ataonyeshwa. Lakini Datsun za mashindano hazikuguswa na Wajapani peke yao. Wapo wazee wa Nairobi, wa Kampala, wa Dar es Salaam na wa Moshi, waliolala chini ya magari hayo usiku wa Pasaka kwa taa ya karabai, na baadhi yao, kwa rehema za Mungu, bado wako hai. Enyi vijana mnaosoma ukurasa huu, mpwa wangu akiwa wa kwanza, waendeeni na daftari na peni. Waulizeni springi za nyuma ziliongezwa nini ili gari libebe matairi mawili ya akiba na kuruka mashimo. Tangi la petroli lilikingwa kwa bati la unene gani. Vumbi la Tsavo lilizuiwaje kuingia kwenye kabureta. Waya zipi zilipitishwa juu zisikatwe na mawe. Andikeni jina la fundi, gari, mwaka na mahali, kisha msomeeni aliyoyasema ili asahihishe. Mkiniletea, nitayachapa humu kama alivyoyasema mwenyewe.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa California